Mnara wa wazimamoto uanze na daftari la majina

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie mnara wa kumbukumbu ya wazimamoto waliofia kazini. Kila hoja hii inapoibuka, watu huanza na mchoro: askari wa shaba mwenye helmeti, paipu begani, mtoto mikononi. Kisha hutafutwa mkandarasi, kisha mgeni rasmi. Majina hukumbukwa wiki mbili kabla ya uzinduzi, na hapo ndipo mambo huharibika. Sisi tunaomba mpango ugeuzwe: daftari kwanza, mawe baadaye.

Sababu iko katikati ya jiji la Dar es Salaam. Sanamu ya Askari pale Samora na Azikiwe, ya kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza, imesimama tangu 1927, bayoneti ikielekea bandarini. Imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Izunguke pande zote, hutaona jina la askari wala la mpagazi hata mmoja. Mwaka 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengine orodha zao hazikutunzwa, wengine iliamuliwa tu wasichongwe. Shaba ya pale Samora ni nzuri, lakini mjukuu wa mpagazi hana mahali pa kuweka kidole chake akasema, huyu ndiye babu.

Kwa hiyo daftari. Nalo lina swali gumu kuliko zege: nani aingie?

Aliyeangukiwa na ukuta akizima moto hana mjadala. Lakini kazi hii si moto peke yake. Jeshi lenyewe linaitwa la Zimamoto na Uokoaji, na uokoaji ndio unaowashusha watu kwenye visima, mashimo ya vyoo na mito iliyofurika. Ndani ya shimo refu oksijeni hupungua na gesi nzito hutuama chini. Mtu huzimia kabla hajapata muda wa kuita, na anayeshuka kumfuata bila mtungi wa hewa hukutwa na yale yale. Wapo pia wanaokufa kabla ya kufika kwenye tukio. Gari lenye tangi la lita 5,000 limebeba tani tano za maji, na tangi likiwa nusu, maji hukimbilia upande mmoja kwenye kona na kulivuta gari lipinduke. Huyo aliyekufa barabarani king'ora kikilia alikuwa kazini sawa na aliyekufa ndani ya ghala linalowaka. Aliyekufa mazoezini vilevile.

Ugumu unaanzia kwa aliyerudi nyumbani akiwa mzima, akafa usiku. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 inamhesabu mzimamoto aliyepata shtuko la moyo au kiharusi ndani ya saa 24 baada ya kazi nzito kuwa amefia kazini, isipokuwa pawe na ushahidi wa kitabibu unaoonyesha vingine. Tunapendekeza kipimo hicho kitumike, kwa sababu kinapimika kwa saa, si kwa huruma ya kamati. Kuhusu saratani, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka kazi ya uzimamoto mwaka 2022 katika kundi la kwanza, yaani mambo yaliyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Mtu mwenye cheti cha daktari kinachohusisha ugonjwa wake na kazi aingie kwenye ukuta ule ule, mwaka wake ule ule, bila kutengewa kona.

Bado kuna wazimamoto wa viwanja vya ndege, wa bandari, wa viwanda, na raia wanaojitolea, kama mamia waliopanda Kilimanjaro kuukabili moto wa Oktoba 2020. Zanzibar ina kikosi chake. Ikiwa mnara utaitwa wa taifa, wote hao wapewe barua ya kuleta majina. Ikiwa ni wa Jeshi la bara pekee, isemwe hivyo kwenye jiwe. Vyovyote itakavyoamuliwa, kanuni iandikwe kwenye ukurasa mmoja, isainiwe, kabla ya jina la kwanza kupokelewa. Kanuni ikija baada ya majina, kila anayekataliwa ataamini imetungwa kwa ajili ya kumkataa marehemu wake, na hakuna maelezo yatakayomtuliza.

Kutafuta majina ni kazi ya miezi, si ya barua moja. Kabla ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, vikosi vilikuwa chini ya halmashauri za miji. Jalada la mtu aliyekufa, tuseme, mwaka 1983 si la kutegemea kulikuta makao makuu Dodoma. Kama bado lipo, liko masjala ya halmashauri, pengine limefungwa kamba pamoja na risiti za kodi za mwaka huo. Anayetumwa huko aende na barua ya mkurugenzi, taa ya kichwani na barakoa ya vumbi, na apige picha kila ukurasa palepale badala ya kuomba jalada liazimwe. (Wenzetu wa Kenya wakitaka kufanya hivi watakuwa na mzigo zaidi, maana tangu Katiba ya 2010 zimamoto ni kazi ya kaunti, na kaunti ni 47.)

Kila jina lisimame juu ya ushahidi usiopungua miwili: kitabu cha matukio cha kituo, jalada la utumishi, cheti cha kifo, jalada la fidia au mirathi, gazeti la siku ile. Daftari liwe na safu 11: jina kamili, namba ya askari, cheo, kituo, tarehe ya kifo, mahali, aina ya tukio, ushahidi wa kwanza, wa pili, jina la ndugu aliyethibitisha, na sahihi yake. Liandikwe kwa mkono kwenye kitabu kilichofungwa, na nakala mbili za kompyuta zikae ofisi tofauti. Mashahidi wazee wafuatwe kwanza. Karatasi inaweza kungoja mwezi mmoja, mzee wa miaka 80 huenda asingoje.

Halafu tahajia. Mtu mmoja anaweza kuwa Athumani kwenye orodha ya mishahara, Othman kwenye cheti cha ndoa na Asmani kwa watu wa mtaani kwake. Serikali ina jina lake la kazini, lakini jiwe ni la familia pia. Dawa yake ni rahisi. Jina lichapwe kwenye karatasi kwa ukubwa ule ule litakaochongwa, herufi za milimita 25, lipelekwe nyumbani. Mjane au mtoto mkubwa alisome, mtu wa pili alitaje herufi kwa herufi, kisha watie sahihi kwenye karatasi hiyo hiyo. Karatasi hiyo ndiyo fundi anayoifuata, si orodha iliyotumwa kwa simu. Kosa kwenye karatasi unalifuta kwa kalamu. Kosa kwenye graniti halifutiki: ama usage uso mzima wa bamba uchonge upya majina yote, ama utupe bamba.

Mpangilio wa majina uwe wa mwaka, si wa alfabeti. Alfabeti inapendeza siku ya uzinduzi tu. Akifariki mtu mwingine jina lake halina pa kuingia, linabandikwa chini kama nyongeza. Kule Emmitsburg, Maryland, penye mnara wa taifa wa wazimamoto wa Marekani, majina yamewekwa mwaka kwa mwaka kuanzia 1981, na kila mwaka unaleta kibao chake. London walijifunza kwa njia ngumu. Mnara wao karibu na kanisa la St Paul's ulizinduliwa Mei 1991 ukiwa na majina ya waliokufa katika Vita Kuu ya Pili peke yao. Mwaka 2003 yalipoongezwa majina ya waliokufa wakati wa amani, zaidi ya elfu moja, mnara wenyewe uliinuliwa.

Vyeo tungeviacha ndani ya daftari. Majina ya vyeo hubadilika kila jeshi linapopangwa upya, tena yanakula upana wa bamba. Konstebo na mrakibu waliingia kwenye moshi mmoja. Jina, kituo na mwaka vinatosha.

Sasa jiwe. Mabamba ya graniti ya sentimita 120 kwa 60, unene 3, yanapatikana na yanabebeka: moja lina kilo 58 hivi, watu wawili wanaliinua, wanne wanalisimamisha bila kuvunja pembe. Ukiacha sentimita 15 juu na 15 chini, unabaki na 90. Mstari mmoja kila sentimita 5 unakupa majina 18 kwa bamba. Mabamba sita yanabeba majina 108, na ukuta wake hauzidi urefu wa mita 4.2. Chonga yanayohitajika leo, mengine yabaki matupu. Wapo watakaosema kuacha bamba tupu ni kujitabiria msiba. Tunawaelewa, na neno hilo lisipuuzwe wakati wa kuzungumza na familia. Lakini kengele ya kituo haitaacha kulia kwa sababu ukuta umejaa, na familia ya baadaye isiambiwe kwamba nafasi imekwisha.

Mabamba yote yatoke kwenye bonge moja la machimbo, na yanunuliwe mawili ya akiba siku hiyo hiyo. Ukirudi baada ya miaka mitano rangi haitalingana. Marumaru tusiichague kwa herufi. Mvua huila taratibu, na kwenye unyevu wa pwani hushika ukungu wa kijani. Vigae vya ukutani ndivyo vibaya kuliko vyote: vikipigwa plasta ya saruji visishike sawasawa huacha uwazi nyuma, ukivigonga unasikia mlio mtupu, na msimu wa pili wa mvua vinaanza kubanduka.

Herufi zichongwe kwa kupuliza mchanga, kina cha milimita 3 hadi 5, ili hata rangi ikiisha kidole kiweze kulisoma jina. Uchongaji wa leza hukwaruza ngozi ya jiwe tu. Unaonekana vizuri dukani, ila baada ya jua la miaka kadhaa unalazimika kuinama kutafuta herufi. Na tafadhali, pasiwe na herufi za shaba za kubandika. Kilo ya shaba ina bei kwa wanunuzi wa skrepa, na bisibisi moja usiku mmoja inatosha kumwondolea marehemu jina. Stensili na faili la mwandiko vihifadhiwe pamoja na daftari. Bila hivyo jina litakaloongezwa litakuwa na herufi za sura nyingine, na mtu yeyote ataona kwamba huyu aliletwa baadaye.

Mabamba yashikwe kwa pini za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316, kipenyo cha milimita 8, nne kwa kila bamba, na nyuma kuwe na nafasi ya sentimita 2 ya hewa. Mafundi wengi watakwambia nondo iliyokatwa inatosha. Haitoshi. Nondo karibu na bahari hushika kutu, kutu huvimba kupita chuma chenyewe, na bamba hupasuka kuanzia kwenye tundu la pini. Ufa wa namna hiyo huanza mwembamba kama unywele, ukiwa na doa la kahawia pembeni. Ukiliona hilo doa, pini imeshakwenda.

Ukuta wa nyuma uwe wa zege la nondo, si tofali: urefu wa kwenda juu mita 2.1, unene sentimita 20, nondo za milimita 12 kila sentimita 20 pande zote mbili, kitako cha upana wa mita 1 na unene wa sentimita 30, chini kwenye udongo mgumu, kwa kawaida mita 1 kwenda chini. Haya ni ya kuanzia mazungumzo. Mhandisi aupime udongo na atie sahihi yake. Zege la 1:1.5:3 (saruji, mchanga, kokoto), kasoro kidogo ya mita 4 za ujazo, linakula mifuko 30 hivi ya saruji. Mchanga wa baharini usikanyage pale: chumvi yake huozesha nondo na kutoa unga mweupe unaopanda hadi kwenye majina. Zege limwagiliwe siku 7 bila kuruka, mabamba yasipande kabla ya siku 28. Hapa ndipo tarehe ya mgeni rasmi huharibu kazi. Mkandarasi akishabanwa na ratiba, siku 28 zinakuwa 10, na nyufa zinakuja sherehe ikiwa imeshasahaulika. Na kama mnara utajengwa Dodoma kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, udongo huo uchimbwe wote utolewe, pajazwe changarawe ya kushindiliwa.

Mstari wa chini wa majina usiwe chini ya sentimita 60 kutoka ardhini, wa juu usizidi 180, ili mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu wasome. Sakafu ikiinuka sentimita 15, njia ya mteremko iwe na urefu wa mita 1.8 angalau.

Kuhusu mahali, tunapendekeza Faya. Kituo cha zimamoto cha Barabara ya Morogoro kimelipa eneo zima jina lake, na leo kituo cha mabasi ya mwendokasi kina jina hilo hilo. Maelfu hushuka pale kila siku. Eneo la kituo lina lango, lina ulinzi saa 24, na wanaoishi na kazi hii ndio watakaolifagia. Mzunguko wa barabara unavutia macho, lakini uko ndani ya hifadhi ya barabara. Barabara ikipanuliwa, na tumeona njia panda za Tazara na Ubungo zilivyobadilika, mnara unahamishwa au unavunjwa. Sharti moja la Faya: ukuta usimame kando kabisa ya njia ya magari kutoka, na hata siku ya mashada ya maua mbele ya milango ya magari pabaki wazi. Kengele ikilia katikati ya sala, gari litoke.

Sanamu hatuipendekezi. Ya shaba iliyomiminwa vizuri ni ghali, ya saruji iliyopakwa rangi hubabuka uso, na kwa familia nyingi za Kiislamu za pwani sanamu ya mtu ni jambo linalowatatiza. Hatuoni kwa nini mjane asite kusogea kwenye jina la mumewe. Kwa sababu hiyo hiyo msalaba na hilali visichongwe. Mwali wa kudumu nao tuuache: ukila nusu kilo ya gesi kwa saa, mtungi wa kilo 38 unakwisha kwa siku tatu na kidogo, na mwali uliozimika kwa kukosa gesi unaumiza kuliko kutokuwepo. Kengele ya kituo inatosha. Ipigwe tarehe 4 Mei, Siku ya Kimataifa ya Wazimamoto, siku iliyotokana na vifo vya wazimamoto watano wa kujitolea kwenye moto wa msitu wa Linton, Australia, Desemba 1998. Majina yasomwe yote, kwa sauti, kuanzia la kwanza.

Jiwe la uzinduzi lenye jina la mgeni rasmi liwekwe pembeni, chini, herufi zake zisizidi milimita 12. Jambo hili liandikwe kwenye mkataba kabisa, maana siku ikikaribia hakuna mtumishi atakayethubutu kulisema.

Baada ya hapo ni matunzo, na huko ndiko minara mingi hufia. Kwa kila shilingi 10 za ujenzi, 1 itengwe benki kwa ajili ya baadaye. Taa ziwe na mita yake ya LUKU na ofisa mmoja anayejulikana kuwa ndiye mnunuzi wa umeme. Taa za sola zilizo chini huibwa. Mwarobaini au mkungu usipandwe ndani ya mita 5, mizizi yake huinua sakafu. Kunguru watakuja hata hivyo, kwa hiyo ukuta uoshwe kila mwezi kwa maji safi, sabuni laini na brashi ya nyuzi. Asidi ya kuoshea vigae isitumike kabisa, inakula viungo vya saruji na kuzishambulia hata pini za 316.

Ndugu Mhariri, kuna sehemu ya kazi hii ambayo ofisi haiwezi kuifanya peke yake. Daftari likishakuwa na rasimu, tunaomba gazeti lako lichapishe majina yote, mwaka kwa mwaka, na kuacha siku 30 za masahihisho kabla ya fundi kuwasha kompresa. Kila jina liwe na kituo chake pembeni, na chini ya ukurasa iandikwe ofisi ya kupeleka karatasi, kwa anuani na saa za kazi. Wako ndugu Songea, Kigoma na Tanga ambao hawajawahi kuulizwa kitu. Majina yachapwe kwa herufi ambazo mama mzee ataweza kuzisoma bila kumwita mjukuu.

Mafundi mawe na wazimamoto wastaafu,
Ilala, Dar es Salaam